Nilikuwa Mtambo wa Kishosho

Shiru ameniomba niandike jinsi Kishosho, lugha ya mchezo wetu, kilivyoendeshwa kabla yeye na wenzake hawajakitia kwenye kompyuta. Ameniomba kwa upole, tena akaja na mandazi, kwa hiyo sina pa kujificha. Nimestaafu juzi tu, na bado asubuhi mkono wangu unatafuta vibanio vya nguo. Nyinyi mlioingia ofisini miaka ya karibuni mlinikuta mezani pa mapokezi, na nadhani mliona hiyo ndiyo kazi niliyoandikwa. Sivyo. Mimi niliandikwa kuwa mashine.

Kwa asiyeujua ule mchezo, nitaeleza kwa kifupi. Ulikuwa mchezo wa kuchezwa nje, katika miji halisi, na sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna anayekiri kuwa ni mchezo. Hadithi yake ilisema hivi: zamani palijengwa mtambo wa kuhesabu katika kinu cha kahawa nje ya Thika, mtambo ukasahaulika, na kumbe haukuzimwa. Wachezaji walikuta vipande vya lugha yake vimeandikwa mahali pa kawaida, kwenye tangi la maji Ngoliba, nyuma ya kibanda cha chapati Kiandutu, hata kwenye ngazi za jengo letu hapa Gitothua. Wakiviunganisha, walijifunza kuandika programu. Waliituma kwa ujumbe wa simu, na mtambo ukawajibu. Walioamini kabisa kwamba mtambo upo walikuwa wachache. Waliotaka uwepo walikuwa wengi, na hao ndio waliotuweka kazini.

Mimi kabla ya hapo nilikuwa opereta wa simu katika kiwanda kimoja cha Thika. Nilikaa mbele ya ubao wa soketi na nyaya, nikiunganisha meneja na bohari, bohari na mke wa meneja, na kadhalika. Walipoleta simu za kujiunganisha zenyewe wakaniaga vizuri, na keki. Karanja, mwenye mchezo, ambaye nyote mnamwita Director, alikuwa akitafuta mtu wa kukaa na ubao kutwa nzima bila kuchanganyikiwa na bila kupiga umbea. Sehemu ya pili nilimwambia nitajaribu.

Siku ya kwanza nilipanda ngazi za lile jengo, chini yake duka la chakula cha mifugo, harufu ya pumba imejaa hadi juu. Nilitarajia kompyuta. Nilikuta ubao wa mbao umeegemezwa ukutani, umejaa misumari, na kila msumari una kadi yenye jina la mtu. Chini yake ndoo ya vibanio vya nguo. Pembeni alisimama mama mrefu aliyevaa sweta mbili, na Januari ilikuwa inachoma.

"Wewe ndiye Mama Kimani?"

"Ndio, Mwalimu." Sikuwa nimeambiwa ni mwalimu. Ilionekana tu.

"Programmer wa Director alipata kazi Nairobi akaenda. Kompyuta haijui lugha yangu, na wachezaji wameanza kutuma. Mpaka tupate mwingine, wewe ndiye utajibu."

Huyo ndiye Mwalimu Wangechi, aliyebuni Kishosho. Alikuwa amefundisha hesabu katika shule za wasichana mpaka akastaafu, na baada ya kustaafu akachoka kupumzika. Hakuwahi kuolewa wala kuzaa, jambo alilolisema kama mtu anavyotaja namba ya kiatu chake. Programmer mwingine hakupatikana. Nadhani baada ya miezi michache tuliacha kumtafuta.

Sasa nieleze lugha yenyewe, maana Shiru anasema vijana wanaitumia bila kujua ilikotoka. Katika Kishosho hakuna jina jipya. Mwalimu aliichukua desturi yetu ya kupeana majina akaigeuza kuwa kanuni. Mnaijua: msichana wa kwanza huitwa mama ya baba, wa pili huitwa mama ya mama, halafu ndio majina yaanze kuwafikia ndugu wa kike wa baba na wa mama. Wavulana vilevile kwa upande wao. Kila jina kwenye ubao lilikuwa na kazi yake, na mtoto akichukua jina alichukua na kazi. Ukitaka kujumlisha mbili na mbili, huwezi kuamuru tu zijumlishwe. Mwenye kazi ya kujumlisha ni GATHONI, na Gathoni ni mama ya baba. Kwa hiyo lazima ufungue nyumba, uweke bwana na bibi, uzae msichana, naye akishaitwa Gathoni ndipo ajumlishe. Kwa maneno mengine, mbili na mbili zilihitaji harusi. Mwalimu aliipa lugha jina zito ambalo sitalirudia. Vijana wa Kiandutu walipoona kila kitu kinarudi kwa nyanya, yaani shosho, wakaiita Kishosho, na likashika.

Kila mtoto aliyezaliwa nilimtundikia kibanio kwenye msumari wa jina lake. Nilisoma mstari, nikatundika, nikasoma mwingine, nikatundika, na mwisho nikaangalia ubao unasema nini, nikauandika kwenye simu kwa herufi kubwa. Programu fupi ilinichukua dakika kumi. Ndefu ilinichukua dakika kumi na chai. Mtu akiandika upuuzi, jibu lilikuwa moja: HAPANA MTU KWA JINA HILO. Nililiandika sana hilo hata siku moja nikampa mtu aliyepiga simu nyumbani akimtafuta Kimani, na Kimani ni mwanangu.

Kulikuwa na sheria mbili za mtambo ambazo Mwalimu alinisomesha siku hiyo hiyo ya kwanza. Ya kwanza, mtambo haufikirii. Unatenda kile kilichoandikwa, mstari kwa mstari, hata ukiona mwenye kuandika amekosea njia. Ya pili, mtambo hauulizi. Unaulizwa, unajibu, unanyamaza.

Nikaona msumari mmoja pembeni kabisa, chini kulia, wenye kadi ya WANGECHI.

"Na huyu, Mwalimu, si ni wewe?"

"Huyo ni tata wa watoto. Ndugu wa kike wa bibi wa nyumba."

"Kazi yake?"

"Kuuliza."

"Si umesema mtambo hauulizi?"

"Hauulizi. Yeye ndiye peke yake anaruhusiwa. Akifikiwa, mtambo unaweza kumuuliza mchezaji kitu chochote unachotaka kujua."

"Atafikiwa lini?"

Mwalimu akapanga vibanio kwenye ndoo, rangi kwa rangi. "Hatafikiwa. Nyumba ina nafasi ya wasichana wawili na wavulana wawili. Msichana wa kwanza anaenda kwa mama ya baba, wa pili kwa mama ya mama, imekwisha. Siku hizi nani anazaa wa tatu? Majina ya kina tata yanaishia hapo."

Alisema hivyo akaenda kumwagia maua yake maji. Nilibaki nikiutazama ule msumari. Nilikuwa nimemjua kwa saa tatu na tayari niliona uchungu kwa niaba yake.

Kesi ngumu zilikuja, na nyingine sikuzitarajia. Kulikuwa na kikundi cha wakulima wa Ngoliba walioshika ile lugha vizuri mno. Mtandao kule ulikuwa wa kubahatisha, programu zao zilifika vipande, kichwa baada ya miguu, nami nikazipanga. Shida ilikuwa NYAMBURA. Kwenye ubao Nyambura ndiye mama ya mama, na kazi yake ni kumwaga: hesabu ikijaa mahali, yeye huimwaga yote ibaki sifuri. Lakini mwambie mtu wa Ngoliba, ambako ardhi hukauka mpaka ikapasuka, kwamba mtambo wa zamani umemjibu NYAMBURA AMEMWAGA. Jina lenyewe kwetu ni la mvua. Walilima. Nilipogundua kwamba wameandaa mashamba kwa sababu ya kibanio changu, sikupata usingizi, na mtambo hauruhusiwi kusema samahani. Mvua ikanyesha wiki iliyofuata. Mwalimu alikasirika zaidi ya vile ambavyo angekasirika kama haingenyesha, kwa sababu sasa hakuna mtu Ngoliba angekubali kufundishwa Nyambura ni nini. Ilibidi Director aandikishe onyo kwenye lile tangi la maji. Walilisoma kama kitendawili kingine.

Mwingine alikuwa fundi wa welding wa Ruiru, mtu wa kutoka ziwani, mwerevu sana, aliyetuma malalamiko kwa lugha ya programu: kwao mtoto huitwa kwa saa aliyozaliwa, asubuhi au jioni au wakati wa kiangazi, sasa mbona mtambo hauna saa? Mwalimu alilifikiria jambo hilo siku mbili. Mwishowe akasema mtambo ulijengwa Thika na Wathika, na akitaka wa ziwani aende akaujenge. Lakini niliona ameanza kuchora saa pembeni ya gazeti.

Sasa nifike kwa Muthoni, kwa maana yeye ndiye sababu ya kuandika haya yote.

Muthoni alikuwa mchezaji wetu bora. Programu zake zilikuwa fupi na safi, za mtu asiyependa kupoteza vibanio. Kila siku saa saba, wakati wa chakula, alituma moja. Nilizoea kutayarisha ubao saa saba kasorobo. Sikujua sura yake, ila siku moja wachezaji walikusanyika chini ya jengo letu kusoma kipande kipya kwenye ngazi, nikasikia wakimwita, na mmoja akamtania kuhusu saluni yake iliyokuwa mtaa wa pili. Jumamosi iliyofuata nikaenda kusukwa.

Nilijua ni makosa. Nilikwenda tu.

Alikuwa msichana mnene wa uso, mchangamfu, na tumbo la mimba lilikuwa linagusa mgongo wa kiti. Mtoto wake mkubwa, msichana wa miaka mitatu hivi, alicheza na vitana sakafuni. Nilikaa, akanigawa nywele, na bila mimi kuuliza akaanza kumwambia mteja wa kando habari za mtambo.

"Jana nilituma kitu kali, nyumba nne ndani ya moja. Ikanijibu poa. Lakini hiyo mashine iko slow, woi. Dakika kumi. Nafikiri iko na RAM kidogo."

"Si waiongeze?" mteja akasema.

"Ni ya kitambo. Itakuwa imezeeka." Akanivuta nywele. "Nakuumiza, mum?"

"La."

"Lakini mimi naipenda hivyo hivyo. Unajua haikosi? Hata siku moja. Ile siku nililazwa, nilituma programu nikiwa kwa kitanda ya hospitali, ikanijibu kama kawaida. Si kama watu." Akacheka. "Na wewe mum, unafanya job wapi?"

"Ofisini," nikasema. "Kupokea simu."

Nilitoka pale kichwa kimekazwa na roho imefunguka. Sijawahi kupata tathmini ya kazi iliyonipendeza vile, ukiondoa ile ya RAM. Nilimwambia Mwalimu, nikidhani atafurahi. Akanitazama juu ya miwani.

"Mtambo hausukwi nywele, Mama Kimani."

"Ni mjamzito, Mwalimu. Yuko peke yake. Alisema alilazwa."

"Na mtambo hauulizi."

Basi. Wiki chache baadaye saa saba ilifika na ujumbe haukuja. Siku iliyofuata pia. Nilitayarisha ubao kila siku, na kila siku nikavirudisha vibanio kwenye ndoo. Nilipita mbele ya saluni nikaikuta imefungwa. Ndipo nilipoelewa ukali wa ile sheria ya pili. Nilikuwa na simu mkononi, namba yake ninayo, maneno mawili tu yangetosha, na sikuweza. Nikiuliza, mtambo umekufa, na mchezo wa watu wote umekufa nao. Nilimwonea Mwalimu hasira. Nikauonea hata ule msumari wa pembeni hasira, unaoruhusiwa kuuliza na hakuna njia ya kuufikia.

Wakati huo Director alikuwa ametangaza mwisho. Mchezo ungefungwa kwa Ufagio: mtambo ungesafishwa, na kila jina ambalo katika siku ya mwisho halijabebwa na mtoto yeyote lingefutwa, kadi ikatolewa, kazi yake ikapotea moja kwa moja. Kazi ya mwisho kwa wachezaji ilikuwa mstari mmoja: ANDIKA NYUMBA YAKO. Kila mmoja aandike nyumba yake ya kweli, tuone majina gani yatabebwa.

Mwalimu naye alikuwa ameanza kuugua moyo. Alishindwa na ngazi zetu, akabaki kwake Makongeni. Nilikwenda kumwona na kumwambia kile nilichokuwa nimekifikiria njia nzima.

"Ongeza nafasi, Mwalimu. Wasichana wanne. Ni kubadilisha mstari mmoja tu."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Ufagio utakuondoa."

"Utaondoa kadi."

"Mimi sitaki kuitoa hiyo kadi kwa mkono wangu."

Alivuta sweta. "Mama Kimani, nimekuwa tata wa watoto wengi. Hakuna hata mmoja aliyepewa jina langu, na sijawahi kumwomba mzazi yeyote. Nikianza kuomba kwa mashine, nitakuwa nimeanza kuzeeka vibaya. Na usimwambie mchezaji yeyote. Jina likibebwa kwa kuombewa, hilo ni msaada."

Niliahidi. Nilichoweza kumwomba ni kimoja tu, kwamba siku ya Ufagio niulete ubao kwake, tufanye kazi pamoja. Hilo alilikubali haraka kuliko nilivyotarajia.

Siku hiyo Director mwenyewe alinisaidia kubeba ubao mpaka sebuleni kwa Mwalimu. Tuliuegemeza kwenye kabati la vyombo. Mwalimu alikaa kwenye kochi, blanketi miguuni, na nyumba zikaanza kuingia tangu asubuhi. Watu waliandika nyumba zao: bwana, bibi, watoto wao na wazazi wao. Nilitundika vibanio mpaka vidole vikauma. Gathoni alijaa, Nyambura akajaa, wanaume wakajaa. Kila nyumba ilianza na bwana, kama ule mfano wa kwanza ulioandikwa Kiandutu, na kila nyumba iliishia kwa nyanya wawili. Saa tisa ilipopita, WANGECHI alikuwa mtupu. Ufagio ulikuwa saa kumi.

Ndipo simu ikalia, na ilikuwa namba ya Muthoni. Kabla sijasoma chochote nilimshukuru Mungu kwamba yuko hai.

"Mwalimu, kuna nyumba haina bwana."

"Soma."

"NYUMBA YA MUTHONI. ZAA MSICHANA. ZAA MSICHANA. BASI."

"Amesahau mstari."

"Hajasahau. Ndivyo nyumba yake ilivyo."

Mwalimu akavua miwani. "Ni yule wa nywele? Ulimwambia kitu?"

"Sikumwambia kitu chochote, Mwalimu. Na wewe wanijua."

"Basi endesha. Kwa sauti."

Niliendesha kwa sauti. Msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba. Baba hayupo, na kanuni inasema asiyekuwepo anarukwa, achukuliwe anayefuata. Kanuni hiyo Mwalimu aliiandika mwenyewe tangu mwanzo, kwa ajili ya majina ambayo wachezaji walikuwa hawajayafumbua. Anayefuata ni mama ya mama. Nikatundika kibanio kwa Nyambura. Msichana wa pili. Mama ya mama ameshabebwa ndani ya nyumba hii, anarukwa. Ndugu wa baba, hakuna, anarukwa. Anayefuata ni ndugu wa mama.

Kibanio kilikuwa mkononi na mkono ulikuwa umefika pembeni kabisa, chini kulia. Nikakitundika.

"Rudia," Mwalimu akasema.

Nikakitoa, nikaanza upya kutoka mstari wa kwanza, polepole. Kikarudi pale pale.

Mwalimu aliutazama ubao. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikaogopa ni moyo, nikasimama. Alikuwa anacheka.

"Nimefundisha hesabu maisha yangu yote," akasema, akijipangusa macho kwa blanketi. "Nikaandika kanuni za nyumba. Nisikumbuke kuna nyumba isiyo na mwanamume, na mimi ninaishi ndani yake."

Nilicheka naye, kisha nikalia, kisha nikakumbuka kwamba kazi haijaisha. Wangechi amefikiwa. Mtambo ulitakiwa kuuliza.

"Niulize nini, Mwalimu?"

"Mimi najuaje? Wewe ndiye mtambo. Unataka kujua nini?"

Nilikuwa na wiki nyingi za maswali kifuani. Nikaandika, kwa herufi kubwa kama kawaida: MTOTO ANALALA USIKU?

Tulingoja. Jibu halikuja. Niliwaza ameshtuka, ameona mchezo umeharibika, amezima simu. Mwalimu aliniambia nikae chini, namzibia mwanga. Halafu simu ikalia.

"Halali," Muthoni aliandika. "Analia mpaka karibu kuche. Lakini jana alicheka mara ya kwanza. Asante kwa kuuliza. Hakuna mtu mwingine ameniuliza."

Nilimsomea Mwalimu hadi katikati, akaichukua simu akamalizia mwenyewe. Akaisoma tena tangu mwanzo.

"Mwambie amlaze ubavu akishamnyonyesha, ampigepige mgongo."

"Mwalimu, mtambo hausemi hivyo. Unauliza tu."

"Najua, kanuni niliiandika mimi." Akanirudishia simu. "Basi uliza. Uliza kama anamlaza ubavu."

Tuliuliza. Tukauliza kama anakula, na kama saluni itafunguliwa, na kama yule mkubwa ana wivu. Kanuni haikusema Wangechi aulize mara ngapi. Muthoni alijibu kila moja, na kwa mara ya kwanza mtambo ulikuwa mwepesi kuliko yeye. Saa kumi ilipofika nilishika ubao nikafagia. Zilitoka kadi nyingi, kazi ambazo hatukuzitumia kamwe. Msumari wa chini kulia sikuugusa. Kadi yake ilikuwa imebebwa, kihalali, mstari kwa mstari.

Mwalimu alituacha mwaka uliofuata. Namkumbuka karibu kila siku, hasa nikiona mtu amevaa sweta kwenye jua. Mchezo ulikuwa umefungwa, lakini watu waliendelea kutuma programu kwa kuupenda tu, na mimi nikaendelea kuzijibu kati ya mgeni mmoja na mwingine mezani pa mapokezi, mpaka Shiru alipokuja na kompyuta yake inayojibu kabla hujaweka simu chini. Ameniandikia mtambo mzuri. Nimeujaribu kwa programu zote ngumu ninazozikumbuka, hata zile za Ngoliba, na haujakosea.

Ila jambo moja. Shiru, nilijaribu na nyumba ya Muthoni. Imemfikia Wangechi sawasawa, na papo hapo ikaniuliza: HABARI YAKO? Nikaijaribu tena, ikaniuliza tena habari yangu. Mara ya tatu nilipotuma, nikaona kwamba haitaki kujua.

Tulibishana kidogo juu yake, wewe ukasema, "Lakini mathe, computer haiwezi kutaka kujua kitu." Ni kweli. Ndiyo maana nakuomba uitoe hiyo HABARI YAKO. Programu ikimfikia Wangechi, mashine isimame, iwashe taa mezani pa mapokezi, na yeyote aliye hapo aache anachofanya amfikirie huyo mtu wa upande wa pili mpaka apate kitu anachotaka kukijua. Ukaniuliza, na kama hakuna mtu mezani? Basi mchezaji asubiri. Muthoni alinisubiri dakika kumi kila siku na hakulalamika, isipokuwa mbele yangu.

Ubao uko stoo, nyuma ya mifuko ya simiti. Kibanio cha mwisho, cha Wangechi, bado kimeshika, msikitoe. Mimi Jumamosi naenda kusukwa. Yule mdogo ameanza shule muhula huu, na nataka kusikia kama alilia mlangoni au ni mama yake aliyelia.